Tulivyomnyamazisha Bakari

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa nimesimama kwenye veranda nje ya chumba cha walimu, mikono nyuma, jua la saa nne likinipiga usoni, na Mwalimu Nekesa ameinama kidogo ili macho yake yakutane na yangu. Aliniuliza kama ningemsaidia kumtuliza Bakari. Hakuniamrisha. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba, na mtu anayeomba aweza kukataliwa. Mimi nikasema, "Ndiyo, Mwalimu," kabla hajamaliza alilokuwa akilisema.

Wiki iliyopita mvua ilinikuta sokoni Marikiti, nikajibanza mlangoni mwa ghala moja la vitunguu. Magunia yalikuwa yamelowa, na harufu iliyotoka pale, ya gunia bichi na maganda ya vitunguu na jasho la watu waliobeba tangu alfajiri, ndiyo harufu aliyokuwa akija nayo Bakari darasani kila asubuhi. Mvua ilikatika, watu wakaendelea na shughuli zao, mimi nikabaki pale pale nimeshika mfuko wangu wa ndimu. Mwenye ghala akaniuliza, "Mzee, umepotelewa na kitu?" Nikamwambia hapana, nikaenda zangu. Nina mvi sasa, na wajukuu wawili ambao hunisikiliza kwa heshima nikisema habari za adabu shuleni. Hawajui ninasema nini. Nyinyi wenzangu wa rika langu huenda mkajua.

Mtakumbuka miaka ile. Nchi nzima ilikuwa ikibishana habari za vyama vingi, na sisi wa darasa la nane tulikuwa tukihesabu miezi iliyobaki kabla ya mtihani. Maziwa ya shule ya pakiti zenye pembe tatu yalikuwa yameanza kuja kwa kubahatisha. Shule yetu ilikuwa ukingoni mwa Mji wa Kale, jengo la mawe lenye madirisha yasiyo vioo, na somo lolote lilisomwa pamoja na nyundo za mafundi wa bati waliokuwa ng'ambo ya kichochoro. Baba yangu alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani zilizoharibika, mama akipika mahamri ya kuuza asubuhi. Mimi nilikuwa monita. Kazi ya monita ilikuwa kimya. Darasa likipiga kelele mwalimu akiwa nje, aliyeulizwa ni mimi.

Bakari aliketi nami dawati moja tangu darasa la tano. Alinizidi miaka miwili hivi, na mabega yake yalinizidi zaidi ya hapo. Baba yake alikuwa hamali wa Marikiti, mvuta mkokoteni, na walipanga chumba nyuma ya Mwembe Tayari, ingawa kwao hasa ni upande wa Kwale. Watoto wa mitaa yetu hawakuwa na desturi ya kuchangamana sana na watoto wa mahamali. Lakini Bakari alikuwa na kipaji cha kukufanya ucheke ukiwa umenuna, nami nilikuwa mtoto wa kununa. Tukitoka shule alipitia kwetu, mama akamwekea mahamri mawili na mbaazi, naye akamsimulia vituko vya sokoni mpaka mama akawa anajifuta machozi kwa pembe ya leso. "Huyu mwenzio," mama aliniambia, "nyumba yake haitakuwa na huzuni." Sikuwa na rafiki mwingine, na sikuhitaji.

Mwaka ule wa mwisho Bakari alibadilika. Hakuwa mtoto mtulivu hata zamani, lakini sasa alikuwa hatulii kabisa. Alipiga ngoma kwenye dawati kwa vidole. Aliomba ruhusa ya kwenda msalani mara tatu somo moja. Aliinuka kutazama dirishani pasipokuwa na kitu cha kutazama. Na mara kwa mara, mwalimu akiwa katikati ya maelezo, aliachia ukelele wa mahamali unaowataka watu wapishe: "Simile! Simile! Mzigo huo!"

Nakumbuka siku moja ya somo la jiografia. Mwalimu Nekesa alikuwa akipita kati ya madawati na chaki mkononi, joto limetuelemea sote, na yeye akieleza habari za mvua za milimani. Ghafla Bakari: "Simile! Simile! Mzigo wapita!"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Mwalimu akageuka. "Nani huyo?"

Bakari akasimama mwenyewe. "Mimi, Mwalimu. Nimekuombea njia."

"Kaa chini, Bakari."

"Nikikaa nitasimama tena, Mwalimu. Bora nisimame kabisa."

Tulicheka mpaka mafundi wa bati wakaacha kugonga kutusikiliza. Mimi nilicheka kuliko wote, nilijiona nimeangusha paji langu juu ya dawati, halafu nikakumbuka kwamba mimi ndiye monita. Nikainua kichwa na kupaza sauti: "Kimya!" Bakari akanitazama, akaweka mkono kifuani kama anayemkaribisha mgeni wa heshima, akasema, "Wenzangu, mmemsikia Mheshimiwa Kimya." Jina likaniganda papo hapo. Mheshimiwa Kimya bombani, Mheshimiwa Kimya kwenye foleni ya maziwa, Mheshimiwa Kimya hata kwa watoto wa darasa la pili waliokuwa hawajui limetoka wapi. Nilijichekesha nalo mbele za watu. Ndani nilikuwa nimeshaamua kwamba vituko vyote vile Bakari alivifanya ili kunidhalilisha mimi. Mtoto wa miaka kumi na tatu haoni jambo duniani lisilomhusu yeye.

Mwalimu Nekesa alikuwa ametoka bara, mwaka wake wa kwanza Mombasa, kijana bado. Mwalimu tuliyekuwa naye kabla yake alitumia kiboko kwa kila kosa, na kosa lililomuudhi kuliko yote lilikuwa kusinzia. Aliyesinzia alichapwa viganjani mpaka kalamu ikawa haishikiki. Mwalimu Nekesa alipokuja alikifungia kiboko kabatini. "Mimi si mchungaji wa ng'ombe," alituambia siku ya kwanza. Walimu wengine walimcheka. Walipita mlangoni kwetu makusudi wakati wa kelele, wakikohoa. Nadhani alikuwa akilia wakati mwingine, kwa sababu alirudi kutoka mapumziko macho yake mekundu. Siku aliyoniita verandani alikuwa na macho hayo.

"Nilifundishwa chuoni," aliniambia, "kwamba mtoto wa namna ile anataka kutazamwa. Ukimchapa, umemtazama. Ukimcheka, umemtazama. Sasa je, tukimnyima vyote viwili? Atachoka mwenyewe, atatulia. Lakini siwezi peke yangu. Wewe ndiye rafiki yake, si ndiyo? Ukiacha kucheka wewe, wengine wataacha. Msimcheke, msimjibu anapopiga kelele. Ni hayo tu. Utanisaidia?"

Na mimi nikasema ndiyo. Ningeweza kumwambia, Mwalimu, niruhusu nimuulize kwanza ana nini. Nilikuwa nikiketi naye bega kwa bega, na sikuwahi kumuuliza. Nilifurahi. Nilijiona nimepewa kitu ambacho kiboko hakikuwa nacho.

Mapumziko yale yale, Bakari akiwa kwenye foleni ya maziwa, niliwakusanya wenzangu nyuma ya bomba la maji, nikawapa maagizo. "Kuanzia kesho hakuna kumcheka Bakari. Hakuna kumjibu. Wala salamu tusimjibu."

La salamu nililitia mimi. Mwalimu hakulisema, na asingeweza kulisema, kwa kuwa hakuujua mji wetu. Kwetu mtu aweza kuwa na ugomvi na jirani wa miaka kumi, lakini wakipishana kichochoroni, mmoja atasema na mwingine ataitika, hata kama anaitika huku ametazama ukutani. Kutoitikiwa salamu ni kuambiwa kwamba hupo. Nilijua hivyo. Nililichagua kwa sababu nilijua.

Msichana aitwaye Zuhura, aliyeketi mbele yetu, akakunja uso. "Salamu pia? Weye una wazimu? Salamu haikataliwi. Kuiitikia ni faradhi, hata mdogo wangu wa chuo cha Kurani ajua."

"Ni kwa muda tu."

"Hata kwa saa moja. Nani kasema?"

"Mwalimu kasema," nikamjibu.

Huo ndio uongo wangu wa kwanza katika habari hii. Hata wenzetu Wakristo, waliokulia mji huu kama sisi, walitazamana. Lakini neno la Mwalimu lilikuwa limeshatajwa, na hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Asubuhi iliyofuata Bakari aliingia akiwa amechelewa kidogo kama kawaida yake, shati limemganda mgongoni, harufu ya magunia ikimtangulia. Akaketi. "Salaam aleikum, Mheshimiwa."

Nikafungua kitabu.

"Yakhe, leo umemeza ulimi?" Akanigonga kwa kiwiko. "Salaam aleikum!"

Nikageuza ukurasa. Akamwinamia Zuhura. "Zuhura, mwenzangu kafa, mwambieni mamake aje amchukue." Zuhura hakugeuka, ila shingo yake ilikuwa imekakamaa. Somo la pili Bakari akaachia ukelele wake. "Simile!" Ukaanguka. Watoto arubaini na kitu, hakuna hata aliyekohoa. Mwalimu Nekesa aliendelea kuandika ubaoni, na niliona chaki yake ikienda kasi zaidi, nadhani kwa furaha. Bakari akajaribu tena, kwa sauti kubwa zaidi. Nyundo tu za ng'ambo.

Siku ya tatu alielewa kwamba si mchezo. Hakuuliza kosa lake. Aliendelea kunisalimu kila asubuhi, kwa sauti inayozidi kushuka, kana kwamba anajaribu kujua ni kiasi gani naweza kusikia. Nilikuwa nikiitikia moyoni. Nilijipa fatwa mwenyewe kwamba kuitikia moyoni kunatosha. Jumanne ya wiki ya pili aliingia, akaketi, hakusema kitu. Nikashusha pumzi. Nilidhani kazi imekwisha.

Na kweli ilionekana imekwisha. Vidole viliacha kupiga ngoma. Ruhusa za msalani zikakoma. Bakari aliweka mikono juu ya dawati, kichwa juu ya mikono, akageukia ukuta, akabaki hivyo somo baada ya somo. Nilidhani ameona haya. Nilisikia pumzi zake nzito ubavuni mwangu na nikaziita majuto. Mwalimu Nekesa alipita karibu naye, akamtazama, akaninong'oneza, "Tumwache. Ana mawazo." Baada ya muda akatuambia mbele ya darasa, "Mmefanya kazi ambayo kiboko hakikuiweza." Walimu waliokuwa wakikohoa mlangoni sasa walikuja kuchungulia. Mmoja alimuuliza alitumia dawa gani. Mwalimu akanionyesha mimi kwa kidole. Sijawahi tena, kwa kazi yoyote niliyoifanya maishani, kuonyeshwa kwa kidole kwa namna ile.

Nyumbani mama alikuwa bado akiweka sahani mbili. "Mwenzio yuwapi siku hizi? Mahamri yake yapoa."

"Ana kazi, mama."

"Kazi gani mtoto wa shule?"

"Anasoma. Mtihani umekaribia."

"Basi mchukulie."

Nilikuwa nayachukua yale mahamri yakiwa yamefungwa kwenye karatasi, nikayala peke yangu kwenye ngazi za nyumba ya jirani, ya moto, mpaka la mwisho.

Zikiwa zimebaki wiki nne hivi kabla ya mtihani, mama aliishiwa nazi alfajiri moja. Baba alikuwa bado msikitini. Nikatumwa Marikiti. Magari ya mboga kutoka bara yalikuwa yanashushwa, barabara imejaa majani ya kabichi yaliyokanyagwa, na mahamali wakipita kwa kasi. Nikausikia ukelele nyuma yangu. "Simile! Simile!" Nikaruka pembeni. Mkokoteni ulipita umejaa magunia ya vitunguu kupita kimo cha mtu. Mbele, kwenye mikono ya kuvutia, alikuwa mwanamume aliyepinda. Nyuma, kichwa chini, mikono imenyooka, miguu ikisukuma lami, alikuwa Bakari.

Walisimama mlangoni mwa ghala. Bakari akaanza kushusha upande wa pili, hakuniona, au nilidhani hakuniona. Baba yake aliegemea gurudumu akipumua. Alinitambua kwa sare ya shule.

"Sabalkheri, ami," nikasema.

"Sabalkheri, mwanangu. Wazazi hawajambo? Weye si yule aketiye na Bakari?"

"Ndiye mimi."

Akanishika bega. Mkono wake ulikuwa mkavu kama kuni. "Basi Mungu akulipe. Nilikuwa nataka kukuona." Akashusha sauti, akatazama alipokuwa mwanawe. "Mgongo wangu umekwisha tangu mwanzo wa mwaka. Mwenye mkokoteni akijua siuwezi tena, ampa mtu mwingine. Basi Bakari husukuma kabla ya adhana mpaka saa ya shule, mimi navuta mbele kama mzima. Nilimwambia, mwanangu, utalala darasani, utachapwa, na mtihani utakupita. Akaniambia, silali, baba, nina dawa yangu. Usingizi ukinijia napiga ukelele wetu, darasa zima lacheka, na mwenzangu wa dawati ndiye acheka kuliko wote, ananitikisa dawati zima, basi naamka. Ndivyo anavyosoma. Kwa hiyo ni weye unayemsomesha mwanangu."

Akanitia mkononi vitunguu viwili vilivyokuwa vimeanguka kutoka guniani. "Mpe mamako."

Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka nilinunua nazi mbovu, mama akanigombeza. Nilipokuwa njiani kurudi kila kitu kilikuwa kikijipanga upya kichwani mwangu, ruhusa za msalani, vidole vya ngoma, dirisha, "Bora nisimame kabisa." Hakuwa akinidhalilisha. Hakuwa hata akinifikiria. Alikuwa akipigana na usingizi mbele ya macho yetu, nasi tulikuwa tumemnyang'anya silaha yake pekee, na zile pumzi nilizoziita majuto zilikuwa za mtu aliyelala fofofo, wiki tatu nzima za masomo.

Bado kulikuwa na nafasi. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Ningekwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Nekesa, na najua, jinsi alivyokuwa, angelia na angetengeneza. Wiki nne zingetosha kwa kichwa kama cha Bakari. Lakini Alhamisi ya wiki ile alikuwa anakuja mkaguzi wa shule. Mwalimu alikuwa ameshatuambia kwamba darasa letu ndilo litakaloonyeshwa. Nilijua kwamba nikisema sasa, itabidi niseme pia nani aliyezuia salamu, na kwamba nilimsingizia yeye. Nikajiambia, baada ya Alhamisi. Siku nne tu. Aliyelala wiki tatu atalala siku nne zaidi.

Mkaguzi alikuwa mtu mnene mpole, mwenye tai ya kahawia na leso ya kujifutia jasho. Alisimama nyuma ya darasa na mwalimu mkuu. Mwalimu Nekesa alifundisha vizuri kuliko siku zote. Tulinyoosha mikono, tulijibu kwa zamu. Halafu mkaguzi akaanza kupita kati ya madawati akitazama madaftari yetu, akafika kwetu. Bakari alikuwa amegeukia ukuta.

"Na huyu?"

"Anabadilika, bwana," Mwalimu akasema haraka. "Polepole."

Mkaguzi akaligonga dawati kwa kalamu yake. Bakari akazinduka kama mtu aliyemwagiwa maji, macho yako wazi lakini bado hayajafika, na kwa sauti yote aliyokuwa nayo kifuani akapiga: "Simile! Mzigo huo!"

Mkaguzi alirudi nyuma hatua mbili, akajigonga kwenye dawati la nyuma.

Siku nyingine yoyote ya maisha yetu tungecheka mpaka tuanguke, na huenda mkaguzi naye angecheka, alikuwa na uso wa mtu wa kucheka. Lakini tulikuwa tumefunzwa. Hakuna aliyecheka. Kimya kile kililifanya jambo dogo lionekane kubwa na chafu. Bakari alitutazama, mmoja mmoja, akiwa amesimama. Nilimwona akiwa amegundua yuko wapi.

"Monita ni nani hapa?" mkaguzi akauliza.

Nikasimama. Mabega yetu yalikuwa yanagusana.

"Huyu mwenzako ana nini?"

Alikuwa ameuliza swali lile ambalo nilipaswa kuliuliza mimi tangu mwanzo, na jibu lilikuwa mdomoni mwangu, nilikuwa nimelipata kwa baba yake mzazi siku tatu nyuma. Mwalimu Nekesa alikuwa akinitazama. Nikasema, "Ndivyo alivyo, bwana."

Mwalimu mkuu alimwondoa Bakari darasani mchana ule. Akaambiwa asirudi bila mzazi. Mzazi asingeweza kuja, kwa kuwa siku ambayo angeuacha mkokoteni mchana ndiyo siku ambayo mwenye mkokoteni angejua habari ya mgongo wake. Lakini hilo nilikuwa nalijua mimi peke yangu.

Jumamosi nilikwenda Marikiti. Bakari alikuwa amekaa juu ya mikono ya mkokoteni akila muhogo wa kuchoma. Nilimkuta peke yake. Hakuonekana na hasira, na hilo lilinitia matumaini ya kijinga.

"Rudi shule," nikamwambia. "Mtihani ni wiki tatu."

"Nirudi nikafanye nini?"

"Usome. Tutacheka. Nitawaambia wote."

Akatafuna kidogo. "Hapa nikipiga ukelele watu hunipisha. Huko nilipiga mpaka koo likaniuma, hakugeuka hata mmoja. Nilidhani labda sauti yangu imekwisha, ati." Akacheka kidogo, peke yake. Kisha akanitazama. "Baba alikwambia habari ya mgongo wake. Nilikuona siku ile, na sare yako."

"Aliniambia."

"Ilikuwa kabla ya mkaguzi, au baada?"

Alikuwa anajua. Alitaka kusikia kutoka kwangu. "Kabla," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa na hesabu yake na sasa imemtokea sawa. Akaifunga mihogo iliyobaki kwenye gazeti, akatemea viganja vyake, akashika mikono ya mkokoteni. "Nipishe, bwana," akasema. Hakuwahi kuniita bwana kabla ya hapo. Nikapisha.

Jumatatu nilifika mpaka mlangoni mwa chumba cha walimu, nikasikia wakimpongeza Mwalimu Nekesa kwa barua nzuri iliyotoka kwa mkaguzi, nikarudi darasani. Mwisho wa mwaka akahamishiwa shule nyingine, akaondoka akiamini kwamba ile njia yake hufaa kwa watoto wote. Sijui aliitumia kwa wangapi. Mimi nilifanya mtihani, nikafaulu wastani, nikasoma sekondari mpaka kidato cha nne, nikapata kazi ya karani bandarini. Siku ya mtihani dawati langu lilikuwa na mtu mmoja.

Mji wetu si mkubwa. Nilimwona Bakari miaka yote, akivuta na si kusukuma tena, mwanamume mwenye mabega mapana na jina zuri sokoni. Nilipooa, kitanda na kabati vilikuja kwa mkokoteni wake. Si mimi niliyemtafuta, mkwe wangu ndiye aliyemwita. Alikibeba kitanda mpaka juu orofani, akanigeukia, jasho likimtiririka, akauliza, "Bwana, kichwa cha kitanda kielekee wapi?" Nikamwonyesha. Mke wangu akamletea maji, Bakari akamshukuru, akamwambia mzaha mmoja kuhusu ngazi zetu, mke wangu akacheka mpaka akakaa. "Mcheshi huyu," aliniambia baadaye. "Unamjua?" Nikamwambia namwonaona tu.

Niliahirisha kumwomba msamaha kama nilivyoahirisha siku nne zile. Nilisema nikipata nafasi nzuri, nikistaafu, nikitulia. Baada ya ile mvua ya wiki iliyopita nilirudi Marikiti siku ya pili yake, nimevaa kanzu safi, nikamuulizia kwenye mikokoteni. Hamali mmoja mtu mzima akaniangalia juu mpaka chini.

"Bakari yupi? Wa Mwembe Tayari? Bwana, Bakari tumemzika. Arubaini yake ishasomwa, mwezi uliopita."

Nilimuuliza kwa nini sikupata habari, na mimi naishi dakika kumi kutoka pale. Alishangaa kwa haki. "Weye ni nani kwake?" akauliza.

Nikampa pole, nikaenda zangu. Jamaa zake walituma habari kila mahali panapostahili, mpaka Kwale, mpaka kwa wenye maghala. Hakuna aliyenificha. Hakuna tu aliyejua kwamba kuna mtu Mji wa Kale wa kupelekewa habari ya kifo cha Bakari. Ndiyo yangu ya verandani ilimnyima yeye mtihani wake, na mimi ilininyima rafiki niliyekuwa naye, wa pekee, ambaye sikuwa na mwingine kabla yake na sikupata mwingine baada yake. Nikafika uzeeni sina haki hata ya kuitwa kwenye maziko yake.